UZI: Tunatafuta mtoto, tuko Kigoma, na bima inaishia katikati ya safari. Hivi ndivyo tulivyochagua kliniki

#1 Binti wa Mwanga (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Humu kila wiki kuna mtu anauliza "kliniki gani nzuri ya uzazi?" na majibu ni yaleyale, majina mawili matatu ya Dar, basi. Hakuna anayemuuliza muulizaji yuko wapi, shida yake ni nini, na kadi yake ya bima inalipa nini. Mimi nilifuata majina hayo. Nilipanda treni hadi Dar na akiba ya miaka miwili, nikarudi na faili la karatasi na mfuko mtupu. Naandika ili mwingine asirudie njia hiyo.

Niko Mwanga, Kigoma mjini. Nina miaka 34, nafundisha shule ya msingi ya binafsi. Mume wangu anafanya biashara ya dagaa na migebuka, anachukua Kibirizi na kusafirisha. Tulioana 2020. Bima tuliyo nayo ni ya kampuni binafsi ambayo shule imetukatia. Wagonjwa wa nje ni shilingi 1,000,000 kwa mwaka kwa familia nzima, kulazwa na upasuaji ni 5,000,000. Kwenye kijitabu chake, ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo, imeandikwa kwamba matibabu ya ugumba hayamo. Huo ukurasa nilikuja kuusoma mwaka wa tatu.

Miaka miwili ya mwanzo sitaielezea sana. Nilitibiwa "UTI sugu", nikatibiwa PID (maambukizi ya via vya uzazi) mara nne bila mtu kupima chochote zaidi ya mkojo. Nikaenda kwa watu wa ile mashine ya kushika mkononi, unakaa dakika tano inatoka karatasi yenye magonjwa ishirini na kitu, na dawa za kila ugonjwa wanazo wao. Nikanywa dawa ya "kusafisha kizazi". Mama mkwe alikuwa akija kutoka Ujiji anakaa kibarazani kimya, anaangalia kanga zilizoanikwa kwenye kamba. Hakuwahi kunitamkia neno baya. Ule ukimya tu ulikuwa unatosha.

2023 ndipo nikaenda Dar, kliniki ya binafsi, jina lake nitalihifadhi. Siku ya kwanza nilifanyiwa vipimo vya laki sita na ushee. Kadi ya bima ilikubali ultrasaundi peke yake. Vipimo nilivyotoka navyo Kigoma viliwekwa pembeni, nikaambiwa "sisi tunaamini maabara yetu." Siku ya pili nikaitwa ofisini, nikaandikiwa IVF, yaani sindano za kukuza mayai, yanatolewa, yanarutubishwa maabara kisha yanapandikizwa, na bei yake, milioni kumi na mbili, dawa zikihesabiwa kando. Nikauliza kwa nini nisipate kwa njia nyingine. Jibu lilikuwa "umri unakwenda, dada."

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu ndiyo sababu ya uzi huu: hadi siku hiyo, hakuna hospitali wala kliniki hata moja iliyompima mume wangu.

Kipimo cha manii nilikilipia elfu thelathini hapa hapa Kigoma, niliporudi. Elfu thelathini, baada ya mamilioni. Karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, tatizo liko kwa mwanaume, peke yake au pamoja na la mke. Kipimo hakichomi, hakipasui. Ila kina masharti, na wengi wanayakosea. Mwanaume akae bila kutoa manii siku mbili hadi saba, isipungue wala isizidi. Kichupa kitoke maabara. Sampuli ifike ndani ya saa moja na isipoe. Mume wangu alitolea nyumbani, akakifunga kile kichupa kwenye leso na kukibana kwapani ndani ya shati, tukapanda bajaji. Njia nzima hakuongea. Mkono ameubana ubavuni kama mtu aliyevunjika, na kila tuta la barabarani anafumba macho. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Majibu: milioni 6 kwa mililita, zinazotembea asilimia 18. Kiwango cha chini kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ni milioni 16 kwa mililita, na zinazotembea asilimia 42. Tukaambiwa turudie baada ya miezi mitatu, kwa sababu mbegu huchukua siku sabini na kidogo kutengenezwa, na homa tu ya mwezi uliopita inaweza kuharibu majibu ya leo. Tukarudia, hali ni ileile. Daktari akamshika, akakuta mishipa ya damu imevimba kwenye korodani la kushoto, wenyewe wanaita varikoseli.

Sasa sikilizeni habari ya bima. Upasuaji wa varikoseli ni upasuaji wa mishipa. Daktari aliandika kile alichokiona kwa mkono wake na kwenye ultrasaundi, akaomba kibali, kikatoka baada ya siku tisa. Alilala usiku mmoja. Ikakatwa kwenye ile milioni tano ya kulazwa, sisi tulilipa nauli na chakula. Hiyo ilikuwa Februari 2024. Miezi saba baadaye: milioni 14, zinazotembea asilimia 35. Bado pungufu, lakini hapo tukawa watu wengine kabisa mbele ya daktari, maana milango iliyokuwa imefungwa ilifunguka.

Nilichojifunza ni kwamba usichague kliniki kabla hujajua unaipelekea swali gani. Kutafuta tatizo ni kazi moja, kulitibu ni nyingine, na bima nyingi zinazokataa ile ya pili zinalipa sehemu kubwa ya ile ya kwanza, ukiifanya karibu na nyumbani na kwa utaratibu. Sisi tulivunja kazi kwa mwaka wa bima. Yetu inaanza Januari. Novemba na Desemba tukamaliza vilivyobaki kwenye wagonjwa wa nje: ultrasaundi ya kizazi na mayai, homoni za siku ya pili ya hedhi, TSH ya tezi la shingo, prolaktini. Januari kikomo kikafunguka upya, tukafanya vya mwaka mpya. Usiache laki nne za bima zife tarehe 31 Desemba halafu Januari ukalipe kipimo kilekile mfukoni.

Kipimo cha mirija, ile HSG ya eksirei yenye dawa, bima ilikataa, nikalipa mwenyewe. Kinafanywa damu ikishakata na kabla yai halijatoka, kwangu ilikuwa siku ya tisa. Inauma, sitawadanganya. Nilimeza dawa ya maumivu saa moja kabla. Mtaalamu alinigeuzia ile skrini nikaona uzi mweupe ukipanda upande wa kulia, ukafika mwisho ukamwagika kama moshi wa kuni mbichi. Upande wa kushoto haukupanda. Mrija mmoja uko wazi. Nikalia pale pale mezani, na yule dada akanisubiri.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kutafuta kliniki, safari hii nikiwa na faili kamili. Nilipiga simu nne, nikaandika kwenye daftari la shule. Kliniki moja ilikataa kutaja bei kwenye simu, "njoo kwanza tuonane." Kutoka Kigoma, "njoo kwanza" ni nauli, nyumba ya wageni na siku nne za kazi. Nikaivuka. Ya pili ikanitajia mafanikio asilimia themanini. Nikauliza themanini ya nini, akasema "ya wanaofanikiwa". Hapo ndipo wengi wetu tunaibiwa, bila mtu kusema uongo waziwazi. Kipimo cha damu kuonyesha mimba siku ya kumi na nne ni hesabu moja. Mimba yenye mapigo ya moyo ni hesabu nyingine. Mtoto aliyezaliwa hai ni hesabu nyingine tena, na ndogo kuliko zote. Tena unagawanya kwa nani? Kwa wote walioanza sindano, au kwa waliofika hatua ya kupandikizwa peke yao? Uingereza kliniki zinalazimika kisheria kupeleka hesabu zake kwa mamlaka ya serikali, HFEA, na huko kwa wanawake walio chini ya miaka 35 ni kama theluthi moja ya viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa) vinavyopandikizwa ndiyo inayoishia kwa mtoto kuzaliwa. Mtu akikutajia themanini Tanzania, muulize kwa upole imehesabiwaje.

Ya mwisho iko Mwanza. Alipokea nesi. Nikamsomea majibu yetu, akanyamaza kidogo akasema, "Dada, kwa hizo namba, daktari anaweza kuanza na IUI, yaani kuingiza mbegu zilizosafishwa kwenye kizazi, kabla ya kufikiria IVF. Tutapokea vipimo vyenu vya miezi sita, manii tu tutarudia." Jioni akanitumia WhatsApp bei ya kila kitu, mstari kwa mstari: kumuona daktari, ultrasaundi kila moja, dawa, kusafisha mbegu, kuziingiza. Sikuchagua ile iliyokuwa rahisi kuliko zote. Nilichagua iliyonijibu.

Nikipata nafasi nitaendelea. Ulizeni.

#2 Mkazi wa Kasulu

Dada asante kwa uzi. Mimi ni mwanaume, niko Kasulu. Mke wangu ameshapimwa kila kitu, kila mahali wanasema hana tatizo. Mimi sijawahi kupima. Nina mtoto nje niliyempata 2014, kabla ya ndoa, kwa hiyo nilijua upande wangu ni salama. Kuna haja kweli?

#3 Binti wa Mwanga

Kaka, haja ipo, tena kubwa. Mtoto wa 2014 anaonyesha mbegu za 2014. Katikati hapo kuna maambukizi unayoweza kuwa umepata bila dalili, kuna varikoseli inayokua polepole, kuna dawa, kuna kazi za joto kali, kuna pombe na sigara. Kuna na dawa za testosteroni wanazochoma vijana wa jimu, zile zinaweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu. Mke wako amepita kwenye HSG, na mimi nimeeleza inavyouma. Wewe unaombwa kichupa.

Nakuambia kama dada yako. Mume wangu naye alikuwa na hofu ileile, kwamba majibu yakija mabaya atakuwa si mwanaume. Yalikuja mabaya. Kesho yake alfajiri alikwenda Kibirizi kama kawaida.

#4 Nesi Kitete Tabora

Habari za jioni. Mimi ni muuguzi, niko Tabora, nimeona niongeze machache.

Mwanzisha uzi kasema mrija wa kushoto haukupanda. Isichukuliwe moja kwa moja kuwa umeziba. Mrija unaweza kukaza wakati wa kipimo kwa sababu ya maumivu ukaonekana umefungwa. Ila picha ikionyesha mrija umejaa maji na umevimba, hilo ni jambo jingine. Yale maji yanarudi kwenye kizazi na kupunguza sana uwezekano wa IVF kufanikiwa, kwa hiyo kliniki ikikupeleka moja kwa moja kwenye IVF bila kuzungumzia mrija huo kwanza, uliza kwa nini. Kuuondoa au kuufunga ni upasuaji, na huenda bima ikalipa.

Kuhusu fomu za bima. Kuna wagonjwa wanamwomba daktari abadilishe jina la ugonjwa ili kadi ikubali. Msifanye hivyo, mnamtia daktari matatani na nyinyi mnafutiwa kadi. Mnachotakiwa kuomba ni aandike alichokikuta kwa ukamilifu. Fibroidi ni fibroidi, tezi ni tezi, uvimbe kwenye kifuko cha mayai ni uvimbe. Daktari mwenye haraka akiandika neno "ugumba" peke yake wakati kuna fibroidi ya sentimita sita, anakunyima haki yako bila kukusudia. Simama umuulize kabla hajagonga muhuri.

Wenye NHIF, kitita cha mafao hubadilika, kwa hiyo nendeni ofisi yao ya mkoa na orodha ya huduma, muulize moja baada ya nyingine, na mfuate ngazi za rufaa. Kigoma anzieni Maweni, huku Tabora ni Kitete, au Nkinga kwa walio upande wa Igunga. Kwa wanaofikiria Dar, Muhimbili nayo sasa ina kituo cha upandikizaji mimba, iwekeni kwenye orodha ya simu zenu kabla ya kukimbilia binafsi.

#5 Binti wa Mwanga

Nesi, asante sana. Lile la fomu laiti ningelijua 2022.

#6 Mama Mtarajiwa, Urambo

Mimi nina miaka 39. Mume kapima yuko vizuri. Bima ya kwangu kikomo cha nje ni 500,000. Na mimi nivunje kazi kwa miaka miwili ya bima kama ulivyofanya? Nimepima AMH ni 0.7.

#7 Binti wa Mwanga

Dada yangu, hapana. Wewe usifuate mwendo wangu. Mimi nilikuwa na miaka 32 nilipoanza kupanga vizuri. Aliyevuka 35 anatakiwa kuonana na daktari baada ya miezi sita ya kujaribu, hasubiri mwaka, na wewe uko 39. AMH inaonyesha wingi wa mayai yaliyobaki, haisemi ubora wake, kwa hiyo 0.7 si hukumu. Lakini ni kengele. Kwako kitu cha gharama kubwa ni miezi. Hiyo laki tano itumie yote mwezi huu huu kwa ultrasaundi na homoni, halafu piga simu kliniki ukiwa na majibu. Waulize swali moja ambalo mimi sikulazimika kuuliza: kwa umri wangu na AMH yangu, wanawake wangapi walianza kwenu mwaka uliopita na wangapi walizaa? Kliniki ikikuambia ukweli mchungu, hiyo ndiyo ya kukaa nayo.

Na upige hesabu ya kukaa mjini, hii wengi tunaisahau. IVF ina sindano za kila siku kwa siku kama kumi hadi kumi na mbili, na ultrasaundi kila baada ya siku mbili tatu. Kisha sindano ya kupevusha, saa 36 baadaye mayai yanatolewa. Baada ya hapo siku tatu hadi tano kupandikiza. Wiki mbili tatu unaishi wapi, unakula wapi? Kama una ndugu Mwanza na huna Dar, hiyo peke yake inaweza kuwa tofauti ya milioni moja. Uliza pia kama wanakubali ultrasaundi za mwanzo ufanyie Tabora uwatumie picha. Wengine wanakubali.

#8 Nesi Kitete Tabora

Naunga mkono kwa mama wa Urambo. Na baadhi ya zile sindano zinakaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, usisafiri nazo kwenye buti ya basi. Uliza kliniki namna ya kuzibeba.

#9 Mkazi wa Kasulu

Mimi swali jingine. Hizi dawa za asili za kuongeza mbegu je? Kuna mtu hapa stendi anauza, ushuhuda anao mwingi.

#10 Binti wa Mwanga

Kaka, nimekunywa za kwangu na mume wangu amekunywa za kwake, tulitumia zaidi ya laki nane kwa mwaka. Simlaumu anayekwenda huko, maana huko ndiko pekee ulipopokelewa ukiwa unalia na mtu akakuambia "utapata". Hospitali zetu zijifunze hilo. Lakini hakuna dawa ya kunywa inayomaliza varikoseli au kuzibua mrija, na ule mwaka tulioutumia haukurudi. Hela hiyo ipeleke maabara kwanza.

Nami niseme hili nikiwa na uchungu. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani hukutana na tatizo hili maishani mwake, na wanautambua kuwa ni ugonjwa wa mfumo wa uzazi. Ugonjwa. Halafu kwenye kijitabu cha bima umewekwa ukurasa mmoja na upasuaji wa urembo. Mwanamke anaachwa kwa sababu hii, anaitwa majina kwa sababu hii, na bima inasema si lazima. Nimemwandikia barua mwajiri wangu, tukaisaini mimi na walimu wenzangu kumi na moja, tukiomba mkataba wa mwakani uwe na walau vipimo vya uzazi. Waliopo kazini jaribuni hilo. Mkataba wa kundi unajadiliwa kila mwaka, na anayejadili ni mwajiri.

#11 Mama Mtarajiwa, Urambo

Nimepiga simu mbili leo. Mmoja kakata. Mwingine tumeongea dakika ishirini. Wewe mmefikia wapi?

#12 Binti wa Mwanga

Tulianza IUI Agosti 2025. Tulikwenda kwa basi, Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, na safari hii hakuna kusubiri kivuko, tumepita juu ya daraja la Kigongo–Busisi. Nilikuwa nimetumia letrozole, dawa ya kukuza mayai, siku tano, ultrasaundi za mwanzo nilifanyia Kigoma na picha nikawatumia, kwa hiyo Mwanza tulikaa siku tatu tu. Yote pamoja na nauli haikufika milioni moja na nusu. Kuingiza mbegu kwenyewe ni dakika chache, hakuna maumivu ya HSG.

Haikushika. Nilijua siku ya kumi na tatu, nikiwa darasani nafundisha mgawanyo. Nikawapa watoto kazi ya kufanya, nikatoka.

Tulishapanga na daktari kabla ya kuanza: tutajaribu mara tatu, hatuzidishi, halafu tukae chini tuzungumze IVF. Kuwa na hiyo namba kumenisaidia sana, maana kliniki haiwezi kuniambia "mara moja tu tena" milele. Ya pili ni mwezi ujao.

#13 Mkazi wa Kasulu

Dada nimeongea na mke wangu jana usiku. Jumatatu nakwenda. Sijamwambia mtu mwingine.

#14 Binti wa Mwanga

Kaka, Mungu akutangulie. Leo ni Alhamisi, kwa hiyo hesabu siku zako kuanzia leo, Jumatatu utakuwa na siku nne, inatosha. Kama unakaa mbali na maabara usitolee nyumbani, omba chumba hapo hapo. Kichupa wakupe wao, usitumie kondomu wala mafuta ya aina yoyote. Ikimwagika hata kidogo waambie, hasa ya mwanzo, maana ndiyo yenye mbegu nyingi. Na mke wako akitaka kukusindikiza, mruhusu.

Ukipata karatasi, usisome mwenyewe njiani. Ilete hapa au mpelekee daktari.